Ubao wa Matundu Hamsini

Ujumbe uliingia nikiwa kaunta, foleni ya wagonjwa imefika mlangoni, nikausoma kwa kuibia. Uliandikwa kwa Kiingereza cha Isipingo, bila nukta wala koma: Tochi, njoo Jumapili na gari, Mama anasema mtu asiguse kitu gerejini kabla yako. Hakuna anayeniita Tochi siku hizi isipokuwa Uncle Siva. Pale duka la dawa Pinetown wagonjwa wananiita Mama Faida, wasaidizi wangu wawili wananiita Madam nikiwa karibu na sijui wananiitaje nikiwa mbali, na watoto wangu hawaniiti mpaka chaja ipotee. Nilicheka peke yangu. Papa Nzioka tulikuwa tumemsindikiza uwanja wa ndege wiki sita kabla, yumo jenezani, arudi kulala kwao Machakos. Alikuwa na miaka themanini na mitatu. Siku ile nililia kama mtu aliyefiwa na baba yake mzazi, na sikuona haya.

Sitaeleza nilitoka wapi wala nilifikaje Durban. Hadithi hizo ni nyingi, na zote zina lori, mpaka, na mtu anayetaka hela. Inatosha kujua kwamba nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nalala Isipingo kwenye sakafu ya rafiki, watu watano chumba kimoja, na kwamba Mama Ndunge alinikuta kwenye ibada ya Kiswahili ya mjini akaniuliza nakaa wapi. Nilimjibu. Aliimba pambio zima mpaka mwisho, akapiga na makofi, ndipo akaniambia kwamba kwake Queensburgh kuna chumba uani, kitupu, kina dirisha, na kodi yake ni kumsaidia mzee wake kwenye mambo yake ya gereji. Nikadhani mzee ni fundi wa magari. Nikaitikia upesi kabla hajabadilisha mawazo.

Wiki ya kwanza mzee sikumwona sana. Alikuwa na mafua. Jumamosi ya pili naanika nguo, mlango wa jikoni ukafunguka, akatoka mtu amevaa kofia pana ya ngozi, kizibao cheusi, buti zenye kisigino, na chini ya kwapa amebeba bunduki ndefu iliyofungwa blanketi la mtoto. Shuka nililolishika lilinidondoka kwenye udongo. Huko nilikotoka bunduki haikuwa kitu cha kuvalia kofia. Mama Ndunge alitoka nyuma yake anajifuta mikono, akaniona nilivyoduwaa, akasema, "Usiogope, mama. Ni mzima kabisa. Ni Jumamosi tu."

Nikaja kuelewa polepole. Papa Nzioka alikuwa amestaafu ukuu wa karakana ya chuo, ambako kwa miaka mingi alifundisha vijana kuchonga vyuma, na mtu wa namna hiyo ukimwambia apumzike anaugua. Akakutana na kundi la wazee wenzake wanaopiga shabaha kwa bunduki za kizamani, zile unazovuta mkono wa chini, klak-klak, na risasi nyingine inapanda. Si bunduki za kale zenyewe. Ni mpya, zimetengenezwa leo kwa kuiga zile za kale mpaka msumari wa mwisho. Kila mwanachama lazima awe na nguo za zamani na jina la kubuni. Papa Nzioka alikuwa Doc Machakos. Uncle Siva, rafiki yake mkubwa na mshindani wake mkubwa zaidi, alikuwa Isipingo Slim, yaani Mwembamba wa Isipingo, na Uncle Siva ni mtu ambaye akikaa kwenye kiti cha plastiki sote tunaacha kuongea kidogo tusikilize. Shabaha zenyewe ni mabamba ya chuma, makubwa kama mlango wa oveni, karibu kabisa. Kinachopimwa ni kasi, na kutokosa.

Basi gereji haikuwa na gari. Ilikuwa na meza ndefu, mashine moja ya kukandamiza yenye mkono kama wa pampu ya maji, mizani ndogo kuliko ya sonara, na makopo ya kahawa yaliyojaa maganda ya risasi zilizokwisha kupigwa. Risasi za bunduki zile dukani ni ghali na hazipatikani siku unayozitaka, kwa hiyo wazee wale wanaokota maganda yao baada ya mchezo, wanarudi nayo nyumbani, na kuyajaza upya kwa mkono. Ganda linasafishwa, linanyooshwa, linawekwa fataki mpya kwenye kitako, linatiwa baruti, halafu linakandamizwa kichwa cha risasi juu yake. Papa Nzioka aliniambia siku ya kwanza kwamba leseni ni yake, mkono wa mashine ni wake, na bila yeye kukaa pale kwenye stuli yake mimi sigusi kitu. Alichohitaji kwangu ni macho. Yake, alisema, yalikuwa yamechoka.

Nilianza na usafi. Kulikuwa na pipa linalozunguka kwa umeme, unaweka maganda pamoja na magunzi ya mahindi yaliyosagwa, yanazunguka mchana kutwa, yanatoka yanang'aa kama pete za harusi. Mama Ndunge alikuwa na msemo kwamba nyumba hiyo mahindi yanaliwa na watu na magunzi yanaliwa na bunduki. Yeye mwenyewe aliishi Durban miaka kumi akililia muthokoi ya kwao, mahindi yaliyotwangwa yakatoka maganda, mpaka siku moja jirani Mzulu akampa sahani ya samp, akaonja, akaketi chini. Ilikuwa ni muthokoi ile ile, imekaa kwenye rafu za maduka muda wote huo inamtazama. Tangu hapo ilipikwa kila Alhamisi, na maharagwe, na mimi nikaongeza sombe yangu, majani ya mihogo, pembeni. Papa Nzioka aliila sombe hiyo huku anailaumu kuwa ni majani tu, anaongeza, analaumu tena.

Mwanzoni nilimwita Papa, kama tunavyowaita wazee kwetu. Alilalamika kwamba kwao papa ni samaki mwenye meno, kisha akazoea, na Mama Ndunge naye akaanza kumwita hivyo akitaka kumchokoza.

Kufikia mwezi wa sita nilikuwa nimepandishwa cheo kutoka magunzi hadi mizani. Hapa lazima nieleze kitu, maana ndicho kilichonitoa jasho baadaye. Ganda la bunduki hizo ni refu, kwa sababu zamani lilijazwa baruti nyeusi mpaka juu. Baruti ya leo ina nguvu zaidi, kwa hiyo inatiwa kidogo tu, inakaa chini kabisa, gizani. Ukisahau kutia, juu huoni tofauti. Ukitia mara mbili, bado haifuriki, na juu huoni tofauti. Ile iliyosahauliwa inapopigwa, fataki peke yake inakisukuma kichwa hadi katikati ya mtutu, kinakwama pale kama kizibo. Mpigaji yuko mbioni, hajasikia, anavuta klak-klak, anapiga inayofuata, na mtutu unapasuka mbele ya uso wake. Ile yenye dozi mbili haina hata subira hiyo. Kwa hiyo maganda yote hamsini yanasimamishwa kwenye ubao wenye matundu hamsini, yanatiwa baruti moja moja, na kabla kichwa hata kimoja hakijakandamizwa, unachukua tochi na kumulika ndani ya kila ganda, mstari kwa mstari, kuona kwamba yote yamejaa sawa. Hiyo ilikuwa kazi yangu. Macho yangu, tochi yangu.

Alikuwa na daftari pia, jeusi, gumu, lenye kamba. Kila ubao uliomalizika uliandikwa humo: siku, baruti gani, ngapi zimetoka sawa, ngapi zimeharibika na kwa nini. Aliandika kwa Kiswahili, herufi kubwa, na kwa kadiri macho yalivyomchoka herufi zilizidi kunenepa. Siku moja nilikuwa nimeyakanyaga maganda mawili yakapondeka kwa kukosa uangalifu, nikamwomba asiyaandike. Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Watu unaweza kuwadanganya, Faida," alisema. "Mke, rafiki, hata daktari. Daftari hapana." Akaandika: mbili, Faida, haraka.

Babu yake alikuwa fundi wa mishale huko Ukambani, na habari zake tulizisikia mpaka tukazijua kama sala. Kila mwindaji alichora alama yake kwenye mshale, mkato huu au ule, ili mnyama akianguka ijulikane ni wa nani, na mtu akianguka ijulikane pia. Mtu hakuazima mshale wa mwenzake. Papa Nzioka aliifuata desturi hiyo kwenye risasi: kila kitako cha ganda lake alikitia kwa kalamu ya wino mistari miwili na kitone, alama ya babu yake. Mwezi wa tisa aliniambia nichague yangu. Nilidhani ananitania. Nilichagua nukta tatu, kwa sababu ni rahisi na kwa sababu zilikuwa zangu, na huko nyuma sikuwa na vitu vingi vya kusema ni vyangu. Usiku ule nilizijaribu kwenye karatasi kana kwamba najifunza saini.

Mwezi huo huo nilisikia jambo ambalo hawakukusudia nilisikie. Nilikuwa gerejini nasugua sakafu, Papa Nzioka na Mama Ndunge wako barazani, dirisha wazi. Daktari alikuwa amemwambia mzee kwamba ugonjwa ulikuwa unamla katikati ya macho, hauna dawa, na mwaka unaofuata asingeona bamba la chuma wala uso wa mtu mbele yake. Mama Ndunge akasema basi aache mchezo, ajiokoe. Nikamsikia mzee akiuliza, bila hasira, kwa sauti kama ya mtoto anayeomba dakika tano zaidi, "Niache kabla sijakichukua kiatu?"

Kiatu ni kiatu cha farasi, chuma kilichopata kutu, ambacho mshindi wa shindano la kufunga mwaka anakipigilia mlangoni kwake. Kilikuwa kimekaa miaka minne kwenye mlango wa Uncle Siva, na Uncle Siva hakuacha mtu asahau. Ukimpigia simu alikuambia samahani nimechelewa kupokea, nilikuwa nakipangusa kiatu. Ni upuuzi mtupu, wazee na chuma cha takataka. Lakini nilipomsikia akiuliza vile nilijua kwamba Novemba ile ilikuwa ya mwisho kwake, na nikaapa, mimi niliyeogopa hata kuitazama bunduki yake, kwamba atakwenda na risasi ambazo hakuna mtu Durban nzima amepata kuzitengeneza. Tulifanya kazi kama watu wanaoandaa harusi. Nilipima ganda moja moja. Tulicheka sana miezi ile, sijui kwa nini, labda kwa sababu saa zilikuwa zinahesabika na hakuna aliyetaka kuzipoteza kwa kununa.

Ubao wa mwisho, wa shindano lenyewe, tuliufanya Alhamisi. Alisema uwe na alama yangu, nukta tatu, na nilivimba kichwa mpaka sikuingia mlangoni. Nilikuwa nimefika mstari wa nne, faneli ya kutilia baruti mkononi, Mama Ndunge akaja anakimbia na bahasha. Mama Ndunge hakimbii. Ilikuwa barua ya chuo: nimekubaliwa kusomea kazi ya dawa, na ada imelipiwa na mfuko ambao yeye aliniombea bila kuniambia. Nilipiga kelele hadi mbwa wa jirani wakaitikia. Tulicheza uani sote watatu, yeye anapiga vigelegele vya Kikamba, mimi vya kwetu, Papa Nzioka anacheza kwa mabega tu kwa sababu ya magoti. Tulikula muthokoi tumesimama, tukiisoma barua kwa zamu. Halafu tukarudi gerejini, nikachukua faneli, nikaendelea palepale nilipodhani niliishia.

Akakaa kwenye stuli yake, akashika mkono wa mashine, akaniuliza kama kila siku, "Umemulika?" Na mimi, roho iko chuoni, nimeshavaa koti jeupe tayari, nikajibu, "Ndiyo, Papa."

Sikuwa nimemulika. Sikusema uongo kwa kukusudia. Neno lilitoka lenyewe, kama unavyojibu nzuri mtu akikuuliza habari. Tulikandamiza vichwa vyote hamsini, nikaweka nukta tatu kwenye kila kitako, na nilipokuwa najilaza ndipo nilipoiona tochi akilini, iko kwenye msumari wake, haijatoka pale tangu asubuhi. Nikakaa kitandani. Nilipoacha, je, lile ganda la mwisho nilikuwa nimelitia au nilikuwa nataka kulitia? Niliporudi, nilianza nalo au baada yake? Kadiri nilivyofikiri ndivyo nilivyozidi kutojua.

Ijumaa nzima sikusema. Nataka kuwa mkweli hapa, kwa sababu wasaidizi wangu wanadhani nilizaliwa mwadilifu. Nilikaa kimya kwa sababu chumba kile kilikuwa kitanda changu cha kwanza, kwa sababu barua ilikuwa bado inanukia gundi, kwa sababu hapakuwa na fataki nyingine za kutengeneza ubao mpya, na kwa sababu alikuwa anapiga mswaki buti zake anaimba. Nilijiambia lazima iko sawa. Nilijiambia hamsini, nafasi ni ndogo. Mficha maradhi, kifo humuumbua, lakini pale anayeficha nilikuwa mimi na kifo kingemjia mwingine. Nilifua mashuka yaliyokuwa safi.

Jumamosi tulifika uwanjani, bondeni juu ya Pinetown, jua kali, kofia kila mahali, harufu ya soseji kwenye moto. Uncle Siva alikuwa amekileta kiatu chenyewe kwenye mto mdogo wa sofa, ili tu amkere rafiki yake. Kila mpigaji kabla ya zamu anakwenda kwenye meza ya kujazia, msimamizi akimtazama, anaingiza risasi kumi ubavuni mwa bunduki, moja baada ya nyingine. Nilikuwa nyuma ya kamba na watazamaji. Nikamwona Papa Nzioka anaingiza ya kwanza, anaipapasa kwa kidole kwa sababu haioni vizuri, anatabasamu. Ya pili. Ya tatu. Alizipapasa nukta zangu kila mara, sijui kama alidhani anaweza kuzihisi. Ya tano ilipoingia nilikuwa nimeshapita kamba.

"Papa," nilisema. "Sikumulika."

Alibaki na ya sita mkononi. "Ubao gani?"

"Huu."

"Kuna iliyo tupu?"

"Sijui. Sina hakika. Hiyo ndiyo shida, Papa, sina hakika."

Nilingoja anifokee, ningeshukuru. Alivuta mkono wa bunduki taratibu mara tano, risasi zikaruka zikaanguka mezani, akamwonyesha msimamizi kwamba bunduki ni tupu. Akavua kofia. Msimamizi akamwuliza anataka dakika ngapi, akajibu kwamba Doc Machakos amemaliza mwaka. Hapo Uncle Siva akaja kwa kishindo, akasukuma sanduku lake la risasi mezani, za ukubwa ule ule, apige zake, mchezo uendelee. Wazee wale wana sheria moja isiyoandikwa, ya kutopiga risasi iliyojazwa kwenye meza ya mtu mwingine, hata ya ndugu, maana hujui siku ile ndugu alikuwa anafikiria nini. Uncle Siva aliijua vizuri kuliko wote, na aliivunja pale mbele ya watu kwa mapenzi. Papa Nzioka alilirudisha sanduku kwa mikono miwili.

"Mshale una mwenyewe, Siva," alisema. "Huu wa leo una nukta tatu, na mwenyewe ameshasema."

Uncle Siva aliliangalia sanduku, akaniangalia mimi, akavua kofia naye. Alisema hapigi mchezo wa kumshinda mtu aliyekaa. Kiatu mwaka ule kilichukuliwa na mwalimu mmoja mkimya wa Pinetown ambaye alikuwa hajawahi kushinda kitu, na mpaka leo anaamini alishinda kwa ustadi.

Njiani kurudi nililia kiti cha nyuma, na mbele yangu wazee wawili wanabishana kuhusu kriketi kana kwamba hakuna kilichotokea. Tulipofika, Papa Nzioka alitoa nyundo ya plastiki yenye kichwa kitupu ndani: unaingiza risasi humo, unagonga kwenye gogo mara tatu nne, kichwa kinachomoka na baruti inamwagika salama ndani ya nyundo. Hamsini, moja moja. Tulipeana zamu uani mchana ule wote, mimi, yeye na Uncle Siva, ko, ko, ko, na Mama Ndunge akatoka kuuliza tunatwanga muthokoi gani isiyo na kinu. Saa ya pili Uncle Siva alikuwa ameanza kuimba kwa kufuata mapigo. Kila iliyofunguka tulimimina kwenye kibakuli na kila moja ilikuwa na baruti yake, kidogo, sawasawa, safi. Kumi. Ishirini. Thelathini. Nilianza kuomba, Mungu anisamehe, ipatikane moja tupu. Kama zote ni nzima basi nimemnyang'anya mzee mwaka wake wa mwisho bure kabisa.

Zilipobaki tisa Mama Ndunge aliniita jikoni nichukue chai. Nilikuwa namimina maziwa nikamsikia Papa Nzioka anaita jina langu. Nilikimbia na kijiko mkononi. Alikuwa ameishika nyundo juu ya kibakuli, akaigeuza mbele ya macho yangu: kikaanguka kichwa peke yake, ting, bila hata chembe. "Tazama," alisema. "Huyu hapa aliyetaka kuniua." Akaweka mkono kichwani kwangu, akauacha pale muda mrefu. Nikakaa kwenye majani, nikacheka na kulia pamoja. Uncle Siva alikohoa sana, akaenda kusimama karibu na ua, na akabaki huko. Alikula chakula chake chote amesimama, mbali na jiko la mkaa, mtu ambaye kwa kawaida hukaa na sufuria magotini. Nilidhani ni kifua. Baadaye akaniita Tochi, kwa mara ya kwanza, kutoka kule kule uani.

Nimeishi na ganda lile tupu miaka ishirini na miwili. Nikiwa mwanafunzi nilimwambia mhadhiri mbele ya darasa zima kwamba nimechanganya chupa. Pale dukani nikikatizwa katikati ya kuhesabu vidonge, ninavimwaga vyote na kuanza upya, hata vikiwa mia tatu, hata foleni ikinung'unika eish, Mama, na wasaidizi wangu wananigeuzia macho. Nawaambia habari ya mzee mmoja na risasi hamsini, na kwamba moja ilikuwa tupu. Chini ya kila lebo naweka nukta tatu.

Jumapili nilikwenda na gari. Mama Ndunge alinifungulia gereji kwa ufunguo aliouvaa shingoni, na magunzi yalikuwa yananukia vilevile. Bunduki polisi walikuwa wamekwisha kuichukua kwa utaratibu wao, na baruti pia. Iliyobaki ilikuwa mashine, mizani, ubao, na tochi kwenye msumari. Vyote, alisema, ni vyangu, mzee ameandika hivyo. Uncle Siva alikuwa amekaa kwenye stuli, amekonda sasa, hatimaye anafanana na jina lake. Alinipa daftari. Nilifungua Novemba ile bila kufikiri, nikitaka tu kuona mwandiko. Herufi zilikuwa kubwa kama za mtoto anayejifunza.

UBAO WA NUKTA TATU. HAMSINI ZIMEFUNGULIWA. HAMSINI ZILIKUWA NA BARUTI. FAIDA ASIAMBIWE.

Nilisoma mara tatu. Nilimtazama Uncle Siva, naye tayari mabega yalikuwa yanamtikisika.

"Ulipokwenda kuchukua chai, baruti ya ganda moja aliimimina kwenye mfuko wa shati langu," alisema. "Nilikaa jioni nzima na baruti kifuani, na Mama yako ananiita njoo kaa karibu na moto."

Mama Ndunge alisema kumbe. Alilisema tena, akakaa kwenye kopo la kahawa, akacheka mpaka kilemba kikamshuka machoni. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Papa Nzioka ilikuwa na urefu wa miaka ishirini na miwili, na ilinifikisha mbali. Nilitafuta kalamu mezani. Ilikuwepo mahali pake pa siku zote, nyuma ya mizani, na bado ilikuwa na wino. Nikaweka nukta tatu chini ya maneno yake.